Mto Mkavu Ni Ghala la Maji Safi

SOMO KWA WAKULIMA WA SKIMU ZA MAKAZI

Mkulima mwenzangu, ikiwa unaishi katika nchi ya mito ya mchanga umeliona jambo hili mara nyingi. Mvua yanyesha vilimani, mto unakuja kwa kishindo, umejaa matope na magogo, na kwa siku moja au mbili hakuna awezaye kuuvuka. Halafu mvua inakoma. Baada ya majuma machache huoni kitu ila mchanga unaong'aa juani. Watu husema, "Mto umekauka," nao huanza kufikiria punda na mitungi, na safari ndefu ya kila siku.

Katika somo hili twataka kukuonyesha ya kwamba mto huo haukukauka wote. Sehemu ya maji yake imejificha chini ya mchanga, na huko chini inahifadhiwa na kusafishwa bila gharama. Kazi yetu ni kujua jinsi ya kuyazuia maji hayo yasitoroke, jinsi ya kuyateka bila kuyachafua, na jinsi ya kulinda ghala hilo lisiibwe. Soma pole pole, na ikiwezekana soma pamoja na jirani zako, kwa maana kazi hii si ya mtu mmoja.

1. MAJI YAMEKWENDA WAPI?

Chukua debe ulijaze mchanga mkavu mpaka juu. Mtu atakwambia debe limejaa. Sasa mimina maji pole pole. Utaona ya kwamba maji mengi yaingia bila debe kufurika. Yameingia wapi? Yameingia katika nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya punje na punje. Punje zikiwa kubwa, nafasi nazo ni kubwa, na maji hupita upesi. Punje zikiwa ndogo kama vumbi, maji huingia lakini hunaswa humo, wala hayatoki kwa urahisi.

Mto wa mchanga ni debe kubwa la namna hiyo. Chini yake kuna mwamba au udongo mgumu usiopitisha maji. Kandokando kuna kingo. Mafuriko yakipita, mchanga hujaa maji kwanza, na yanayobaki huenda zake. Mvua ikiisha, maji yaliyo mchangani huendelea kuteremka pole pole chini kwa chini kufuata mteremko wa mto, mpaka yakutane na kizuizi. Mahali penye mwamba uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, maji husimama nyuma yake kama ng'ombe nyuma ya ua.

Jambo hili si geni. Wazee wa Ukambani wanajua tangu zamani mahali pa kuchimba vishimo mtoni wakati wa kiangazi. Waturkana huchimba mchangani kuwanywesha mifugo wao. Hata ndovu wa Tsavo hufukua mchanga kwa miguu na mkonga mpaka wapate maji, na wanyama wengine huja kunywa nyuma yao. Basi mwalimu wetu wa kwanza katika somo hili ni mto wenyewe.

Kuna faida nyingine kubwa. Katika sehemu zetu za joto, bwawa lililo wazi laweza kupoteza zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka kwa sababu ya jua na upepo. Lakini maji yaliyo mchangani yana paa. Yakiwa sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, jua haliyafikii ila kidogo. Yakifika sentimita 90 chini, hasara ni kama hakuna. Tena mbu hawezi kutaga mayai mchangani, na konokono anayeeneza kichocho haishi humo, kwa maana hakuna maji ya wazi.

2. JINSI MCHANGA UNAVYOSAFISHA MAJI

Mchanga husafisha maji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchuja, kama kitambaa kinavyochuja majani ya chai. Tope na takataka hukwama kati ya punje. Njia ya pili haionekani kwa macho. Juu ya punje za mchanga huota utando mwembamba wenye viumbe hai vidogo mno, na viumbe hivyo hula vijidudu vinavyoletwa na maji. Vijidudu vingine hunata kwenye punje, na vingi hufa kwa kukaa gizani siku nyingi bila chakula. Kwa hiyo kadiri maji yanavyopita pole pole, na kadiri yanavyokaa muda mrefu mchangani, ndivyo yanavyozidi kuwa safi.

Miji mikubwa ya Ulaya ilijifunza jambo hili kabla ya sisi kuwa na mifereji. Mwaka 1829 kampuni moja ya maji ya London ilianza kupitisha maji ya mto Thames katika vitanda vikubwa vya mchanga. Lakini ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1892 kule Ujerumani, wakati kipindupindu kilipoingia katika mji wa Hamburg. Mji huo ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Watu zaidi ya 8,000 walikufa. Mji wa Altona ulikuwa umegusana na Hamburg, nao ulikunywa maji ya mto ule ule, tena yaliyochotwa chini ya Hamburg, baada ya uchafu wa mji huo kumwagwa mtoni. Lakini Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, na ugonjwa haukuenea huko kama ulivyoenea kwa jirani. Zilikuwako barabara za mpakani ambapo nyumba za upande mmoja zilipatwa na ugonjwa, na za upande wa pili zikaokoka. Jua lilikuwa moja na hewa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni maji.

Hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli wote. Mchanga hauondoi chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Hauondoi floraidi, ambayo hutia meno madoa ya kahawia, nayo hupatikana katika maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Wala usiutegemee mchanga uondoe dawa ya josho la ng'ombe au dawa za kunyunyizia mimea. Tena kishimo kilichoachwa wazi mtoni ambamo punda, mbuzi na watoto wanaingia hakina maji safi, hata kama mchanga umefanya kazi yake vyema. Mchanga umesafisha maji; sisi ndio tuliyoyachafua tena hatua ya mwisho.

3. PIMA MCHANGA WAKO KWA DEBE

Kabla ya kuchanga hata shilingi moja, fanyeni jaribio hili.

(a) Chukueni debe la lita 20. Lijazeni mchanga mkavu uliochimbwa mtoni, si wa juu tu, bali wa kina cha mita moja.

(b) Mimineni maji kwa kipimo, lita moja moja, mpaka maji yaonekane juu ya mchanga. Andikeni idadi ya lita zilizoingia.

(c) Toboeni debe kwa msumari karibu na kitako, mkinge maji yanayotoka kwa muda wa saa moja. Pimeni.

Hesabu iliyo ya maana ni hii ya mwisho, kwa sababu maji yasiyotoka hayatakusaidia. Mkipata lita 5, maana yake robo ya ghala lenu ni maji mnayoweza kuyateka. Huo ni mchanga mzuri. Mchanga wenye punje kubwa waweza kutoa hata lita 7. Lakini mchanga uliochanganyika na tope waweza kutoa lita 1 tu, na mkijenga hapo mtakuwa mmejenga ghala la matope. Tafuteni mahali pengine.

4. HESABU YA GHALA

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mahali mlipochagua, mchanga wenye maji utaenea mita 300 kurudi nyuma ya ukuta, upana wa mto ni mita 15, na kina cha kadiri ni mita 1.

300 × 15 × 1 = mita za ujazo 4,500 za mchanga.

Robo yake ni mita za ujazo 1,125. Kila mita ya ujazo ina lita 1,000. Basi ghala lenu lina lita 1,125,000.

Tuseme skimu yenu ina jamaa 50, na kila jamaa yahitaji lita 100 kwa siku, yaani mitungi 5 ya lita 20. Jumla ni lita 5,000 kwa siku. Gawanya 1,125,000 kwa 5,000. Utapata siku 225, yaani zaidi ya miezi 7. Kiangazi cha kati ya mvua na mvua hakifikii urefu huo katika miaka ya kawaida. Tena hesabu hii haikutia maji yaliyonywewa na kingo, ambayo hurudi mtoni pole pole mchanga ukipungukiwa.

Lakini kumbukeni: haya ni maji ya watu kwanza, kisha mifugo, kisha kitalu kidogo cha miche na mboga. Mtu mmoja akileta pampu ya petroli na kumwagilia ekari mbili za nyanya, aweza kuimaliza akiba ya jamaa wote kabla ya kiangazi kwisha. Hiyo ndiyo sababu ya kupatana mapema, kama tutakavyoeleza mbele.

5. KUCHAGUA MAHALI

Kazi nyingi za mabwawa huharibika siku ile mahali palipochaguliwa, si siku ya mafuriko. Basi tembeeni mto mzima mwisho wa kiangazi, wakati ukweli unapoonekana. Nendeni na akina mama wanaoteka maji kila siku, kwa maana wao ndio wanaojua kishimo kipi hukauka Agosti na kipi hufika Oktoba. Tazameni dalili hizi:

Kwanza, miti. Mkuyu unaobaki wa kijani kiangazi chote una mizizi majini. Mikindu na matete nayo yaonyesha ya kwamba maji hayako mbali.

Pili, mwamba. Tafuteni mwamba usio na nyufa, uliokatiza mto chini ya mchanga. Pigilieni nondo yenye alama za kukatwa katwa, kila hatua kadhaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mkiichomoa, mchanga uliokwama katika alama utawaonyesha kama chini kuna unyevu, na kama kuna mchanga au tope. Nondo ikigota, mmefika mwambani. Andikeni kina cha kila mahali.

Tatu, kingo. Ziwe ndefu na imara pande zote mbili, ili mafuriko yasiuzunguke ukuta na kujikatia njia mpya shambani mwa mtu. Pasiwe kwenye kona ya mto, maana mto hupenda kula ukingo wa nje wa kona.

Nne, mchanga wa juu ya mto. Vilima vya mawe magumu hutoa mchanga wa punje kubwa. Nchi ya udongo mweusi unaonata hutoa tope.

Tano, ladha. Kama kuna mawe au udongo ambao ng'ombe wanapenda kuulamba, jueni kuna chumvi, na maji yatakuwa ya chumvi.

6. NJIA TATU ZA KUYAZUIA NA KUYATEKA MAJI

Njia ya kwanza ni kisima cha ukingoni. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, nayo yatosha mahali ambapo mto wenyewe una kizuizi cha asili. Hamjengi ukuta wowote. Mnachimba kisima kandokando ya mto, karibu na mahali penye kina kirefu, mnakijengea pete za saruji na kukifunika. Maji ya mchangani huingia humo yakiwa yamekwisha kuchujwa.

Njia ya pili ni ukuta wa udongo chini ya mchanga. Mnachimba handaki kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka kwenye mwamba au udongo mgumu, na kuingia ndani ya udongo huo mgumu na ndani ya kingo zote mbili ili maji yasipenye pembeni. Halafu mnalijaza handaki udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa nguvu. Ukuta ukome kama sentimita 30 chini ya uso wa mchanga, ili mafuriko yapite juu bila kuula. Kazi hii ni ya mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka kabisa, nayo imalizike kabla ya mvua.

Ili kujua udongo upi wafaa, kateni vitako vya chupa kadhaa za plastiki, zigeuzeni shingo chini bila kifuniko, na kila chupa mtie udongo wa mahali mbalimbali. Mimineni maji juu yake. Udongo unaovujisha maji pole pole kuliko yote ndio wa kujengea.

ANGALIENI SANA: Handaki la mchanga huanguka ghafula. Mtu aliyefunikwa na mchanga mpaka kifuani hawezi kupumua, wala hawezi kutolewa upesi. Kwa hiyo chimbeni kwa kulaza kingo za handaki, zisisimame wima. Mchanga uliotolewa usirundikwe ukingoni. Pasiwe na mtu anayechimba peke yake, wala mtoto anayecheza karibu. Ukuta waweza kujengwa upya mwaka ujao, lakini mtu hajengwi upya.

Njia ya tatu ni bwawa la mchanga. Huu ni ukuta wa mawe na saruji uliojengwa juu ya mwamba na kupanda juu ya uso wa mto. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito huzama nyuma ya ukuta, na tope jepesi huvuka juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au misimu michache ya mvua, nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na ghala lililokuwa la mita 1 laweza kuwa la mita 3 au zaidi. Mahali ambapo mto huleta tope jingi, fundi aweza kuamua kuupandisha ukuta kwa hatua, msimu hadi msimu, ili tope lisipate nafasi ya kutulia.

Ukambani kuna mifano mingi. Mabwawa kadhaa ya namna hii yalijengwa huko katika miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1978 wakulima wa Utooni, Machakos, walijenga mengine kwa mikono yao, na tangu katikati ya miaka ya 1990 mamia yamejengwa Kitui na wenyeji wakisaidiwa na shirika la SASOL. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya mwethya: watu waliobeba mawe, mchanga na maji, na kupika chakula cha wajenzi. Lakini ukuta wa namna hii si wa kubahatisha. Ni lazima mhandisi apime mafuriko na msingi. Ukuta ukivunjika, mafuriko hushuka na mawe yake mpaka kwenye mashamba ya chini.

Vile vile, kazi ya kuzuia au kuteka maji mtoni inahitaji kibali. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayohusika na vibali hivyo. Onaneni nao, na afisa wa maji wa kaunti, kabla ya kuchimba. Kibali kitawalinda nanyi pia siku mtu atakapodai ya kwamba maji ni yake.

7. HATUA YA MWISHO NDIYO YENYE HATARI

Tumesema ya kwamba mchanga husafisha maji na watu huyachafua. Basi shikeni sheria hizi:

(a) Kisima kifunikwe kwa bamba la saruji, na maji yatolewe kwa pampu ya mkono. Kama hakuna pampu bado, pawe na ndoo moja tu ya kisima na kamba yake, isiyowekwa chini.

(b) Maji yanayomwagika yachukuliwe na mfereji wa saruji mpaka kwenye birika la mifugo, mbali na kisima, upande wa chini. Ng'ombe wasikaribie kisima wala kukanyaga mchanga ulio nyuma ya ukuta.

(c) Choo kiwe mbali na kisima si chini ya mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Josho la ng'ombe lisijengwe kabisa juu ya kisima.

(d) Kisima kipya kisafishwe kwa klorini chini ya maelekezo ya afisa wa afya ya umma, na maji yapimwe kabla ya kunywewa. Hapo ndipo mtakapojua habari ya chumvi na floraidi.

(e) Mitungi ioshwe ndani, na iwe na vifuniko. Mtu asichovye kikombe chenye kushikwa na kila mkono.

(f) Maji ya watoto wachanga na wagonjwa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini. Palipokosekana kuni, jazeni maji yasiyo na tope katika chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, mzilaze juani kwa saa 6 siku ya jua kali. Siku za mawingu mengi yachemsheni.

Mtoto anayehara hupoteza maji ya mwili upesi kuliko mtu mzima, na aweza kufa kabla ya kufikishwa zahanati. Usione sheria hizi kuwa ni za kusumbua. Ukuta wa saruji wa milioni nyingi hauna faida ikiwa ndoo chafu itaushinda.

8. ATAKAYENUNUA MCHANGA ANANUNUA GHALA LENU

Sasa twafika kwenye jambo lenye kugombanisha watu. Siku moja lori litafika mtoni. Mwenye lori ana fedha mkononi, na kijana asiye na kazi atapata ujira wa kupakia siku ile ile. Ni vigumu kukataa, hasa wakati wa ada za shule. Lakini kabla hamjakubali, fanyeni hesabu.

Tuseme lori limebeba mita za ujazo 7 za mchanga. Mchanga huo, kama ni mzuri, ulikuwa na nafasi ya robo, yaani lita 1,750 za maji. Hiyo ni mitungi 87. Tena si mara moja tu. Nafasi hiyo ingejazwa na kila mvua, mwaka baada ya mwaka. Malori 100 ni lita 175,000, yaani maji ya jamaa wetu 50 kwa siku 35. Na siku hizo 35 hazipungui wakati wa masika. Zapungua mwisho wa kiangazi, ndizo siku ambazo ng'ombe hufa.

Tena kuna hasara nyingine. Uso wa mchanga ukishuka, maji hukaribia jua, nayo hupotea. Mchanga ukiisha mpaka mwambani, mafuriko hupita mbio bila kuacha kitu, kingo huporomoka, na visima vya ukingoni hukauka. Mikuyu ya mto hufuata.

Mto huleta mchanga mpya, ni kweli. Lakini mto hauleti kwa kasi ya malori. Kaunti ya Makueni iliona hatari hii, ikatunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mkiwa katika kaunti nyingine, ulizeni sheria yenu ni ipi. Na kama mchanga wa kujengea shule au zahanati wahitajika, kamati ichague mahali mbali chini ya ukuta, ihesabu malori, na kuandika.

9. MAPATANO KABLA YA MAWE

Katika skimu za makazi, ramani iligawa ardhi kwa mistari. Wengine walipata ploti zinazofika mtoni, na wengine walipata ploti za mgongoni. Mto haukugawiwa. Mwenye ploti ya ukingoni hana mto, lakini ana njia, na njia ikifungwa kwa ua ni sawa na kisima kufungwa. Basi patanini na kuandika haya kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa:

Njia ya watu itapita wapi, na ya mifugo wapi? Kila jamaa itateka mitungi mingapi maji yakipungua? Nani atafunga na kufungua? Kila mwezi kila mtu atachanga kiasi gani cha kutengeneza pampu, na fedha zitawekwa wapi? Nani aruhusiwe kumwagilia, na mwezi gani aache? Katika kamati wawemo akina mama wasiopungua nusu, kwa sababu wao wakikosa maji ndio wanaojua kwanza.

Kazi nyingine iko mbali na mto: ni ya mashamba ya juu. Kila shamba lisilo na matuta hutuma udongo wake mtoni, na udongo huo huziba nafasi za mchanga. Chimbeni fanya juu kufuata kontua, pandeni nyasi za kushika kingo, wala msilime mpaka ukingoni mwa mto. Maji yanayozuiwa na matuta huingia ardhini na kufika mtoni pole pole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mkulima wa mgongoni anayetengeneza matuta yake naye anajaza kisima, ingawa yuko mbali nacho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya katika mkutano wenu, kila mtu ajibu kabla ya kutazama majibu.

1. Debe la mchanga limeingiza lita 8 za maji, lakini limetoa lita 2. Mwaweza kuteka sehemu gani ya ghala?
2. Kwa nini maji ya mchangani hayakaushwi na jua kama ya bwawa la wazi?
3. Kishimo kilicho wazi katikati ya mto kina maji maangavu. Je, ni salama kunywa?
4. Mtu ataka kuchimba choo mita 20 juu ya kisima kwa sababu ploti yake ni ndogo. Kamati imwambie nini?

Majibu: (1) Sehemu moja ya kumi, basi tafuteni mahali pengine. (2) Yana paa la mchanga. Yakishuka chini ya sentimita 60 jua haliyafikii ila kidogo. (3) Si salama. Maji maangavu yaweza kuwa na vijidudu vilivyoingizwa na wanyama na watu. (4) Asichimbe hapo. Choo kiwe mita 30 au zaidi, upande wa chini. Na kama ploti haina nafasi, kamati imsaidie kutafuta mahali, kwa maana maji ni ya wote na hatari ni ya wote.

Mwisho wa kiangazi hiki, mkulima mwenzangu, usikae nyumbani ukingojea mawingu. Chukua debe, nondo na daftari, umwite jirani yako, mteremke mtoni. Mvua ya kwanza itakapokuja na kishindo chake, iwakute mmekwisha kujua ghala lenu liko wapi.